Nati Isiyokwenda kwa Vidole

Mama Bolti hakuuza bolti bila kuivalisha nati yake kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kibanda chake, na mafundi wote wa mtaa wa gereji waliijua. Mteja anaweza kuwa na haraka, gari la watu limeachwa limeinuliwa juu ya jeki, lakini Mama Bolti hushika bolti kwa mkono wa kushoto na nati kwa mkono wa kulia, akaizungusha taratibu kwa ncha za vidole tangu mwanzo wa shina hadi kwenye kichwa. Ikipita bila kukwama, huivua na kumpa mteja. Ikigoma hata kidogo, huitupa kwenye debe la vyuma chakavu, na manung’uniko ya mteja huingia sikio hili yakatokea lile.

“Mama, ningekaza tu na spana, ingeingia,” watu humwambia.

“Spana haina akili,” hujibu. “Spana inaingiza chochote.”

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, na meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Ukutani kulipangwa makopo ya maziwa na ya rangi, kila moja likiwa na bolti moja iliyofungwa nje kwa waya ili ionekane ndani mna nini. Mafundi walipenda kumtania. Mmoja wao, mpaka rangi wa magari, kila akipita alimwomba bolti ya kumfungia mkewe asimkimbie. “Hata nikikupa ya treni,” Mama Bolti alimjibu siku moja, “atakimbia na treni yenyewe.” Walicheka hadi wakaacha kazi. Yeye hakucheka. Alikuwa na namna hiyo ya kuchekesha watu huku uso wake umefungwa.

Wapo wanaodhani kwamba bolti ni bolti tu. Mama Bolti alijua kwamba magari ya zamani yalifungwa kwa bolti za inchi, na haya ya siku hizi yanafungwa kwa za milimita. Ukiweka mezani bolti mbili za aina hizo, zenye unene unaokaribiana, jicho halizitenganishi, na kuna saizi ambazo hata spana ni ileile. Tofauti iko kwenye meno, yaani ile mistari inayozunguka shina. Nati ya milimita ikivalishwa bolti ya inchi huanza vizuri, huzunguka mara mbili tatu, kisha hugoma. Mtu mwenye haraka atadhani imekaza. Atachomeka bomba kwenye mpini wa spana, avute kwa uzito wote wa mwili, na nati itapanda huku ikiyatafuna meno ya bolti njiani. Kwa macho itaonekana imekaza kuliko wenzake. Kwa kweli imeshikilia makombo ya chuma, na siku itakapolemewa itachomoka.

Asubuhi moja kaka yake alifika kibandani na ndoo iliyojaa vyuma vyenye kutu. Alikuwa fundi mkuu wa kampuni ya malori, mtu wa kifua kipana na ovaroli iliyopigwa pasi, kwa sababu siku hizo kazi yake ilikuwa kuelekeza wenzake na si kulala chini ya gari.

“Mdogo wangu, nimekuletea kazi ya maana,” alisema. “Leo sitaki bolti za kuokoteza.”

“Lini nilikupa ya kuokoteza?”

“Punguza ukali. Ndoo hii karibu ing’oe bega langu. Nipe hata maji kwanza.”

Alimpa kikombe cha maji na kigoda. Kaka alikunywa, akajifuta mdomo kwa kiganja.

“Bosi mdogo anafufua lori la marehemu baba yake. Lile lililoanzisha kampuni. Anataka litembee barabarani mbele ya malori yote, kwa injini yake yenyewe, watu waone walikotoka. Ameagiza kila bolti iwe mpya. Na anataka zing’ae.”

“Zing’ae kama nini?”

“Kama meno ya bwana harusi.”

“Bolti za kung’aa ni za kufungia kabati. Mwambie hivyo.”

“Mwambie wewe. Mimi nilipomwambia alinionyesha picha kwenye simu.”

Mama Bolti alitikisa kichwa. Kisha mkono wake, uliokuwa umeshaingia ndooni, ukasimama. “Lori lililoanzisha kampuni ni lipi?”

Kaka alikitazama kikombe. “Lile la bluu.”

Nje mtu alikuwa akigonga bati.

“Ukitaka nimpelekee mwingine, nitakuelewa,” kaka aliongeza. “Vijana wangu ndio waliofungua. Walitupia humo kila walichotoa, mimi sikuangalia hata.”

“Chuma ni chuma,” alisema Mama Bolti. “Acha ndoo.”

Lori la bluu ndilo aliloliendesha mumewe. Lilipoteza njia kwenye mteremko, likiwa limejaa mzigo, likaacha barabara na kulala ubavu. Utingo wake, kijana aliyekuwa mtoto pekee wa mshonaji wa mtaani kwao, alifia pale pale. Dereva alitoka na mguu uliovunjika. Tangu hospitalini hadi kaburini alisema jambo moja: alikata usukani kushoto, lori likaenda kulia. Aliyekuja kuchunguza aliamua kwamba alisinzia. Kampuni haikubisha, maana usingizi wa dereva ni wa dereva peke yake, na lori bovu ni la mwenye lori.

Akafukuzwa kazi, na mtaa ukampa jina. Walimwita Usingizi. Vijana waliokaa kwenye kona walipiga miayo kwa sauti kila alipopita, mmoja baada ya mwingine, kama kwaya. Hakuna aliyempa tena usukani. Kazi aliyoipata mwishowe ilikuwa ya kulinda geti la ghala, na hapo hawakuhitaji hata kutunga utani mpya.

Nyumbani aliendelea kueleza. Wakati wa kula alikuwa akiinua sahani tupu, anaishika kwa mikono miwili kama usukani, anaikata kushoto polepole. “Hivi,” alimwambia mkewe. “Nilikata hivi. Unaona?” Naye mkewe alimjibu, “Kula, chakula kinapoa.” Hakuwahi kumwambia kwamba alisinzia. Hakuwahi pia kumwambia kwamba anamwamini. Mumewe alikufa siku ya kawaida ya kazi, akiwa amekaa kwenye kiti cha getini, na waliomkuta mwanzoni walidhani amelala.

Katika miaka yote hiyo kaka ndiye aliyeishikilia nyumba. Alisomesha watoto, akaezeka paa lilipovuja, akamfungulia dada yake kibanda kwa bolti za kwanza alizozitoa gerejini. Watoto walipotaja mtu wa kuigwa, walimtaja mjomba. Na mshonaji, mama wa utingo, hakuitikia tena salamu ya mtu yeyote wa nyumba ile. Mlango wake ulikuwa karibu na kona, na kila Mama Bolti alipopita, aliusikia mguu wa mshonaji ukiongeza kasi kwenye cherehani, ili mlio uifunike salamu.

Kwa hiyo Mama Bolti aliimwaga ndoo kwenye beseni la mafuta ya taa, akaanza kazi kama kazi nyingine. Alisugua kila kipande kwa brashi ya waya, akakipima, akakitafutia mwenzake kwenye makopo. Bolti za milango, za bampa na za ubao wa pembeni alizichagua zile za kung’aa, Bosi mdogo afurahi. Lakini za springi, za breki na za usukani alizitoa kwenye gunia la chini, nyeusi, zisizovutia, zenye alama kichwani zinazoonyesha kwamba chuma chake ni kigumu. Baadhi ya zile za kopo la inchi alizikataa kwa sababu tu zilikuwa fupi kidogo kuliko alivyotaka. Bolti ikiwa fupi, nati haipati meno ya kutosha; ikiwa ndefu kupita kiasi, itagusa pasipotakiwa. Mafundi waliopita walishangaa kumwona anahangaika hivyo kwa ajili ya gari la maonyesho.

“Litapita barabarani,” aliwaambia. “Litakuwa na dereva ndani.”

Alasiri alikuta chini ya beseni bolti nene iliyopindwa kama herufi U, ile inayoifunga springi ya mbele kwenye ekseli, chuma kinachobeba magurudumu. Mguu wake mmoja ulikuwa mtupu, na meno yake yalinyolewa kabisa. Mguu wa pili bado ulikuwa na nati. Alijaribu kuizungusha kwa vidole, ikakataa. Akaibana bolti kwenye jiliwa, akachukua spana, akavuta. Nati ilitoka kwa kelele ya kusaga, na ndani yake zikadondoka nyuzi nyembamba za chuma, zimejikunja kama maganda ya penseli.

Kutu haitoi maganda ya namna hiyo.

Aliisafisha nati, akaipuliza. Akachukua bolti mpya ya inchi ya unene uleule na kuivalisha. Ikazunguka mara mbili, ikagoma. Akachukua bolti ya milimita. Nati ikateremka hadi kwenye kichwa karibu kwa uzito wake wenyewe. Akarudia kwa bolti nyingine, kisha nyingine, akitamani kwa mara ya kwanza maishani vidole vyake vimdanganye. Ndipo akakaa kwenye kigoda.

Ekseli ya mbele ilikuwa imeshikwa na nati ambayo haikushika kitu. Kwenye mteremko, mzigo uliposukuma na breki zilipokamata, nati ya mguu ule mtupu ilichomoka, ekseli ikateleza kutoka mahali pake, na gurudumu likaenda lilikotaka. Mumewe alikata kushoto. Lori likaenda kulia. Alikuwa macho wakati wote, ameshika usukani, anatazama.

Na siku hizo kampuni ilikuwa na fundi mmoja tu.

Kesho yake kaka alikuta makopo yamepangwa mezani, kila bolti na nati yake.

“Ndiyo maana siendi kwa mwingine,” alisema akizikagua. “Mwingine angenijazia za pikipiki.”

Mama Bolti alimwekea kiganjani bolti moja ya inchi na nati moja kuukuu. “Ivalishe hiyo. Kwa vidole.”

Kaka alicheka kidogo, akaivalisha. Mara mbili, ikasimama. Akaijaribu tena, akaisogeza karibu na macho. “Hii umechanganya, dada. Nati ni ya milimita.”

“Imetoka kwenye ndoo yako. Kwenye springi ya mbele.”

Kaka aliendelea kuizungusha nati mbele na nyuma katika nafasi ile ndogo iliyokuwa nayo, mpaka Mama Bolti akaitoa mkononi mwake.

“Mzee mwenye lori alikuwa amenisimamia kichwani,” kaka alisema hatimaye, bila kumtazama. “Mzigo umeshapakiwa, shemeji yuko ndani anawasha injini. Nati za pale hazikutosha, nikaingiza mkono kwenye kopo. Spana iliingia, mdogo wangu. Iliingia kama ndiyo yake.”

“Ikakaza haraka.”

“Ikakaza haraka.”

“Ukaongeza bomba.”

Kaka aliitikia kwa kichwa.

“Na lori lilipovutwa likarudishwa yadi,” dada yake aliuliza, “hukuchungulia chini?”

“Nilikuwa nikipita upande wa nyuma. Kila siku nilizunguka upande wa nyuma. Sikuwahi kuinama.”

“Kwa hiyo ulijua.”

“Sikujua. Nilijifanya nisijue.” Sauti yake ikapanda kidogo. “Sasa ulitaka nifungwe? Watoto wako nani angewasomesha? Kibanda hiki nani angekufungulia? Nilifanya yote niliyoweza.”

“Nilidhani ni undugu,” alisema Mama Bolti.

Mpaka rangi alipita nje akaanza utani wake wa bolti ya mke. Alipoziona nyuso zao alijifanya amesahau kitu, akarudi alikotoka.

“Itupe,” kaka alisema kwa sauti ya chini. “Tafadhali. Mzee amekufa, shemeji amekufa, yule kijana amekufa. Nimebaki mimi. Unataka unizike nikiwa hai?”

“Mume wangu alizikwa hai. Wakawa wanampigia miayo juu yake.” Alimsukumia makopo. “Chukua bolti zako. Zote zinakwenda kwa vidole.”

Kaka aliyabeba makopo kwa safari kadhaa hadi kwenye gari, akipita mbele yake kila mara shingo chini. Alipomaliza alisimama kidogo kama mtu anayesubiri kuagwa. Dada yake alikuwa ameshageuka, anafunga kibanda, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Aliifunga ile bolti ya herufi U na nati yake kwenye kitambaa, akatembea hadi nyumba ya kona. Njiani alikuwa akipanga maneno. Angeweza kusema tu kwamba ni kosa la fundi wa kampuni. Yangekuwa maneno ya kweli, na mshonaji hakujua gerejini nani alifanya nini enzi zile. Mume angesafishwa, na kaka asingeguswa.

Mshonaji alikuwa akikunja upindo wa pazia jeupe, kubwa, lililojaa meza nzima hadi sakafuni. Alipomwona aliyesimama mlangoni, mguu wake ukaongeza kasi.

“Shikamoo, mama,” Mama Bolti alisema kwa nguvu kushinda mlio.

“Kama umeleta nguo, nimejaa kazi.”

“Sijaleta nguo. Mume wangu hakusinzia.”

Mguu ukasimama. Mama Bolti aliingia bila kukaribishwa, akafungua kitambaa kwenye ukingo wa meza. Akamwambia bolti ile ilikuwa inashika nini, na nati ile haikuweza kushika nini. “Jaribu mwenyewe, hapa kwenye ncha ambapo meno bado yapo.”

Mshonaji aliitazama kwa muda, kisha akaichukua nati kwa vidole vyake vyembamba na kuizungusha. Ikaenda, ikagoma. Akairudisha nyuma, akajaribu tena.

“Kama sindano ya cherehani nyingine,” alisema polepole. “Inaingia, unashona, unadhani umepata. Kumbe inakata uzi.”

“Ndivyo.”

“Na yeye kwa nini hakusema?”

“Alisema.”

“Alimwambia nani?”

“Mkaguzi. Bosi. Na mimi.”

“Wewe ukamjibu nini?”

Mama Bolti alilitazama pazia. “Nilimwambia ale, chakula kinapoa.”

Mshonaji alikuwa bado ameshika nati, akiigeuza kama kifungo anachotafutia shati lake.

“Nani aliikaza hii?”

Yale maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikumbuka sahani tupu mikononi mwa mumewe, na akaona kwamba akiyasema, atakuwa amepita upande wa nyuma kama kaka yake.

“Kaka yangu,” alisema.

“Yule wa ovaroli ya pasi.”

“Huyo.”

“Aliyelibeba jeneza la mwanangu. Alitangulia mbele ya wote, upande wa kichwa.” Mshonaji aliiweka nati juu ya pazia. “Miaka yote nimemnunia mumeo, maskini ya Mungu. Leo unanijia hapa nimwache huyo nimshike kakako. Kwa hiyo jambo hili halijatoka nyumbani kwenu. Limehama chumba tu.”

“Nilitaka ujue kwamba hakulala.”

“Nimejua. Na wangu, ameamka?”

Mama Bolti alinyoosha mkono kwenye bolti.

“Chukua chuma chako,” mshonaji alisema, “kinanichafulia kitambaa.”

Aliichukua bolti, akaichukua nati. Pale nati ilipokuwa imekaa palibaki duara jeusi la mafuta, kamili, katikati ya weupe. Mama Bolti alishika pindo la mkono wa gauni lake, akainama, akaanza kulifuta. Alifuta kwa upole, kisha kwa nguvu.

“Acha,” alisema mshonaji. “Unalieneza tu.”